Anthropolojia mwaka wa kwanza: kueleza kitu sio kukikubali

Mtoto wa ami yangu kaanza chuo mwaka huu, katoka Wete na begi lake, kufungua ratiba ya semista ya kwanza kakuta kozi inaitwa utangulizi wa anthropolojia, usiku ule ule kanipigia simu, dada hii ndo kitu gani, mana bibi kashasikia kwamba wanafundisha mtu katoka kwa nyani na kasema mtoto asijerudi hapa hana dini. Nikaanza kumueleza, salio likakatika katikati. Kwaiyo naandika hapa kwa urefu, kwa ajili yake na kwa wengine mnaoanza, mana hata mie nlipoingia nlikua na khofu hiyo hiyo na sikupata mtu wa kunikalisha chini, nikapoteza karibu nusu semista nakariri majina ya watu na miaka bila kufahamu watu wenyewe wanabishana nini.

Jina ni la Kigiriki, anthropos ni mtu na logos ni maneno au elimu, yani elimu ya binadamu. Sasa elimu ya binadamu ni pana mno, hata daktari anasoma binadamu, ndo mana vyuo vya Marekani waliigawa mafungu manne, kuna utamaduni, kuna lugha, kuna akiolojia, yani kuchimbua mabaki ya kale, na kuna mwili wa binadamu na asili yake. Waingereza wao walishikilia zaidi jamii na utamaduni, na huku Tanzania mara nyingi inakwenda pamoja na sosholojia, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni idara moja. Kwaiyo ukiona wiki hii mnasoma mafuvu na wiki ijayo harusi usidhani mwalimu kapotea njia.

Kinachowafunga watu miguu sio mafungu hayo, kwanza ni neno utamaduni. Kwetu ukisema utamaduni akili ya mtu inakwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, inakwenda kwenye msewe, kidumbaki, kofia ya kiua, vitu vya kuonyesha wageni. Darasani neno hilo hilo limebeba mzigo mwengine kabisa. Muingereza Edward Tylor mwaka 1871 alisema ni maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, dasturi na kila uwezo na mazoea ambayo mtu anayapata kwa kuwa mmoja katika jamii. Yani kila ulichojifunza kwa kuishi na watu, ambacho hukuzaliwa nacho. Njaa tumezaliwa nayo, lakini kufutari kwa uji wa pilipili manga na kaimati tumefunzwa. Kujua kwamba ukipita mbele ya wazee waliokaa barazani lazima utoe salamu, kujua usimame mbali kiasi gani unapozungumza na mkweo, hakuna aliyekuandikia, lakini ukikosea mtaa mzima unajua. Hicho ndo utamaduni wa darasani. Ukiendelea kulisikia neno kwa mana ya ngoma na mavazi utaandika insha nzima nje ya swali, nimewaona watu wazuri tu wanapata alama za chini kwa hilo.

Lakini fundo khasa, lile lililomtia bibi wasiwasi hata kama hakulitaja hivo, ni suala la kutohukumu. Utaambiwa wiki ya pili au ya tatu kwamba usiwapime watu wengine kwa rula yako. Hapo ndo darasa linapochafuka. Sisi tulikua na kijana alinyanyuka akauliza, mwalimu, kwaiyo mnataka tuseme kila kitu ni sawa? Hakuna halali na haramu tena? Watu wakapiga meza, na mie moyoni nlikua naye.

Kufahamu neno lile lazima ujue limetokea wapi. Karne ya 19 wasomi wa Ulaya na Marekani walikua na ngazi, chini wameweka watu waliowaita washenzi, katikati wa kati na kati, juu kabisa wamejiweka wenyewe. Na tusiwaone wao tu, mana lugha yetu pia ina ngazi yake, neno ustaarabu asili yake ni Kiarabu na mana yake ya mwanzo ni kuingia katika Uarabu, kuwa kama Mwarabu, na sisi tunalitamka kila siku hatulifikirii. Basi akaja Franz Boas, Mjerumani, mwaka 1883 alikwenda kisiwa cha Baffin kaskazini ya Kanada akakaa na Wainuiti kwenye barafu, wakimlisha na kumuongoza njia, baadae akahamia Marekani akafundisha chuo cha Columbia, na maisha yake yote alipigana na ile ngazi. Hoja yake ukiitoa maganda ni kwamba mila ya watu uifahamu kwanza kwa mantiki ya wenyewe kabla hujasema chochote juu yake. Kwanza. Neno hilo ndo wanafunzi tunaliruka.

Mfano ulionifungua mie ni wa Wazande, watu wa Sudan Kusini na Kongo, waliosomwa na Muingereza Evans-Pritchard miaka ya 1920. Ghala la nafaka limejengwa juu ya nguzo, watu wamekaa chini yake kukimbia jua, mchwa wameshazila nguzo, ghala likaanguka likawaumiza. Wazande wanajua vizuri kwamba ni mchwa, sio wajinga. Wanachouliza ni kwa nini likaanguka saa ile ile ambayo watu wale wale wamekaa pale. Kwa mwengine hayo ni mambo mawili yamekutana tu, kwao kilichoyakutanisha ni uchawi. Mie ni Mpemba, tangu nlipokwenda bara mara ya kwanza nasikia Pemba kwa wachawi, watu wanacheka na wengine wanaogopa kweli, na sikuwa na jawabu zaidi ya kukasirika. Siku tuliyosoma lile ghala niliona kwamba mtu anaekwenda kwa mganga baada ya kutoka hospitali hajakataa dawa ya hospitali, anauliza swali jengine, kwa nini mimi na kwa nini sasa, na hilo daktari hana dawa yake. Sikutoka pale naamini uganga. Nilitoka najua kinachoulizwa.

Kadhi anaposikiliza mume na mke, anawasikiliza kwa utulivu wote wawili mpaka mwisho, na hakuna anaesema kwamba kwa kumsikiliza mume basi kashakubaliana nae. Hukumu ipo, inakuja baadae, na inakuwa bora kwa sababu alisikiliza. Kueleza sio kukubali. Hata wenyewe wanaanthropolojia suala hili limewasumbua, mana mwaka 1947 chama chao cha Marekani kilitoa tamko la kutilia shaka kwamba haki za binadamu zinaweza kuandikwa aina moja kwa dunia nzima, halafu mwaka 1999 chama hicho hicho kikatoa tamko la kuziunga mkono. Miaka 52 hapo katikati. Kwaiyo ukiona kichwa kinakuuma wiki ya tatu ujue umelielewa swali.

Na nyani wa bibi? Ndio, utasoma asili ya mwili wa binadamu, utaonyeshwa picha ya fuvu alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka kama milioni 3.6, na mifupa ya Ethiopia iliyopatikana 1974 wakaipa jina la Lucy. Hakuna anaesema umetoka kwa kima punju wa Jozani, kinachosemwa ni kwamba watu na sokwe wana mababu wa pamoja wa zamani mno. Mtihani unauliza ushahidi ni upi na umesomwa vipi, hauulizi imani yako. Swala sijaiacha, na masuala niliyobaki nayo nimeyapeleka kwa masheikh, mengine wamenijibu mengine tunaendelea kuzungumza.

Sasa kazi za vitendo, hapa ndo utamu. Sisi tulipewa tukae mahali saa mbili tuandike tunachokiona. Nilikua likizo, nikaenda dikoni kwetu asubuhi kwenye mnada wa samaki, nikasema hii rahisi, nimekulia hapa. Nikaandika kurasa tatu. Mwalimu akanirudishia kaduarisha neno moja kwenye mstari wa kwanza, nliandika watu walikuwa na furaha, na pembeni kaandika, uliionaje? Nilikaa na swali lile siku nzima. Furaha sikuiona. Nilichokiona ni mnadi kanyanyua mtungo wa changu, anataja bei kwa sauti moja ndefu haipumui, mchuuzi mmoja mwanamke kasimama nyuma hasemi kitu, ananyanyua nyusi tu, na mnadi anampandishia yeye bei. Nikarudi tena dikoni. Mara ya pili nikaona kitu ambacho nimekiona maisha yangu yote bila kukiona, kwamba kabla mnada haujaanza kuna samaki wanatolewa pembeni, na vijana waliosaidia kuvuta chombo kila mmoja anachukua kitoweo chake anaondoka, haombi wala hapewi kwa maneno, anachukua tu na hakuna anaemuangalia. Alokuja bila kuvuta hathubutu. Nani kaweka kanuni ile? Nilimuuliza mzee mmoja pale akaniangalia kama nimeuliza kwa nini maji ni majimaji.

Ndo ugumu wenyewe wa kusoma kwenu. Mgeni kila kitu kinamshangaza, mwenyeji hakimshangazi chochote. Kozi inakutaka ujifanye mgeni kwa saa mbili, na inachosha kuliko hesabu.

Kuchora ukoo nako kuna mambo. Pembetatu ni mwanamme, duara mwanamke, alama ya sawasawa ni ndoa, na unaanza na wewe mwenyewe katikati. Mwanasheria wa Marekani Lewis Henry Morgan, aliekua akisoma Wairokwoi, wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, aliona wao kaka wa baba wanamwita baba na dada wa mama wanamwita mama, lakini kaka wa mama ana jina lake na dada wa baba ana lake, mwaka 1871 akatoa kazi kubwa ya kulinganisha majina ya jamaa dunia nzima. Sisi tukaangaliana, mana ndo sisi, baba mkubwa, baba mdogo, mama mkubwa, mama mdogo, halafu mjomba na shangazi mbali. Watoto wa baba mdogo ni ndugu zako, wa mjomba na shangazi ni mabinamu. Vizuri, inakaa sawa kwenye jaduweli. Ila nyumba yetu tunasema pia ami, na mtoto wa ami, kama nilivyoanza kuandika hapo juu, na hilo ni jina la Kiarabu linalomtenga kaka wa baba asiwe baba. Kwaiyo mtu mmoja huyo huyo kwetu asubuhi ni baba mdogo na jioni ni ami, inategemea anazungumza nani na anataka nini, bibi akitaka anipe adabu anasema huyo ni baba'ako. Jaduweli la kitabuni halina chumba cha hilo. Na ndugu wa kunyonya je? Watu walionyonya ziwa moja hawaoani, kisheria ya dini ni ndugu, lakini alama nlizofundishwa mie zilikua za damu na ndoa tu. Mwenzangu mmoja alichora mstari wa vitone mweupe kutoka kwa mama aliemnyonyesha, katunga mwenyewe, mwalimu akampa alama nzuri na akamwambia aeleze darasa zima. Msiogope kufanya hivo. Jaduweli limetengenezwa na watu, likishindwa kuwabeba jamaa zako kosa sio la jamaa zako.

Kuna wiki moja itakuuma, nakwambia mapema. Ni ile ya kusoma ulivyoandikwa wewe. Ukoloni na elimu hii vilitembea pamoja, mfano John Middleton alifanya utafiti wa umiliki wa ardhi Zanzibar mwaka 1958, ripoti ikachapishwa London 1961, na utakuta mle mambo ya kweli kabisa, kwamba huku ardhi inaweza kuwa ya mtu na miti iliyo juu yake ya mtu mwengine, mkarafuu wangu kwenye shamba lako, kitu ambacho mpaka leo mahakamani hakijatulia. Unasoma unafurahi kwamba kimeandikwa, halafu unajiuliza, ripoti hii iliandikwa asome nani? Sio babu yangu. Halafu unakuja kwa Malinowski, yule Mpolandi aliekaa visiwa vya Trobriand, huko Papua New Guinea, katika miaka ya 1915 hadi 1918, ndani ya hema kijijini, akajifunza lugha yao, na ndo anaetajwa kila mahali kwa namna ya kufanya utafiti uwandani. Shajara zake zikachapishwa 1967, yeye keshakufa, na mle kawaandika wenyeji wake kwa dharau na hasira. Baadhi yetu tulitaka kumtupa. Mie naona tusome vyote viwili, njia yake ya kukaa na watu na kujua lugha yao bado ni bora kuliko kuja wiki mbili na dodoso, na shajara ile inatuonyesha kwamba kukaa na watu peke yake hakukufanyi uwaheshimu. Saivi mtafiti Zanzibar lazima awe na kibali na kijijini apite kwa sheha, na nyinyi mkienda kwa kazi za darasa, hata kama ni shehia yenu wenyewe, semeni mnafanya nini. Usimuandike jirani yako bila ya kumwambia.

Jengine ambalo lilitufikisha kwenye kelele ni asili yetu. Boas alipima vichwa vya wahamiaji New York na watoto wao akakuta maumbo yanabadilika kwa watoto waliozaliwa kule, wakati watu wanaamini kichwa ni alama ya kabila isiobadilika, na leo utafundishwa kwamba hakuna mpaka wa kibaiolojia unaowakata watu mafungu kama tulivyozoea kuyataja. Basi mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba (DNA) vya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya mwambao wa Kenya na Tanzania, waliozikwa kati ya karne ya 13 na ya 18, na ukaonyesha kwamba kiasi cha mwaka 1000 watu wa Afrika na watu wa Asia, khasa Waajemi, walianza kuchanganyika, na upande wa mama ni Waafrika kwa wingi mkubwa, wa Asia walikua zaidi wanaume. Darasani waliosema sisi ni Washirazi, yani asili yetu ni Uajemi, wakashangiria, waliosema hizo ni hadithi wakashangiria pia. Wote wameshinda! Nilichokipenda mie ni swali alilotuuliza mwalimu, watoto wale walizungumza lugha ya nani? Ya mama zao, Kiswahili ni Kibantu. Vinasaba vinakwambia nani alizaa na nani. Nani anajiita nani, na lini, na kwa faida gani, hilo ni suala la watu. Serikali ya kikoloni hapa iliwahesabu watu kwa mafungu, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili hata mgao wa chakula ulifuata mafungu hayo, sasa fikiria mtu anavyochagua jina lake ikiwa jina ndo mchele. Visiwa vyetu vimelipa sana kwa majina haya, mie naona mtoto wa Kizanzibari hatakiwi kumaliza chuo bila ya kulikalia suala hili kwa utulivu.

Nimalizie na kazi ya huyu mdogo wangu mwenyewe, yule mtoto wa ami, mana kashanitumia rasimu kwa simu. Wamesoma Mfaransa Marcel Mauss, aliesema mwaka 1925 kwamba zawadi haiko bure, kuna kulazimika kutoa, kulazimika kupokea na kulazimika kurudisha, na wamesoma kula ya Trobriand, sio kula chakula, ni jina lao la mzunguko wa kupeana vitu, ambako mikufu ya makombe inazunguka visiwa upande mmoja na vikuku upande wa pili, watu wanavuka bahari kwa ajili ya vitu ambavyo hata hawavai kila siku na hawakai navyo muda mrefu. Akaambiwa atafute mfano wa kwao. Kachagua sahani ya futari. Kaandika kwamba Ramadhani iliopita kwao zilitoka sahani kwenda nyumba nne, muhogo wa nazi na samaki, juu imefunikwa kawa, anapeleka mtoto kabla ya adhana, na kwamba sahani inalala kule, hairudi siku ile ile, na ikirudi ina kitu, kaimati, au maembe mawili, mara moja sukari tu kwenye kikaratasi kutoka kwa bi mkubwa ambaye hana mtu wa kumpikia. Kaandika nani anapeleka kwa nani, na kwamba nyumba moja kati ya zile nne walihamia tu mwaka juzi na mama yake alikaa siku kumi anafikiria aanze yeye au asubiri waanze wao.

Nikamwambia nzuri, lakini bado hujauliza wenyewe. Akampigia bibi, yule yule wa nyani, akamuuliza, bibi kwa nini sahani hairudi tupu?

Bibi kamjibu, itarudije tupu, kwani tumegombana?